Maswali na Majibu: Kufuli, thredi na makosa unapoivika SQLite ganda

Maswali ya mwezi huu yametoka Mtwara na Lindi, na yote yanahusu SQLite, maktaba ya hifadhidata iliyoandikwa kwa lugha ya C ambayo D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000. Watengenezaji wengi wa programu hawaiiti moja kwa moja. Wanaivika ganda, yaani tabaka jembamba la C++, Python au lugha nyingine, ili sehemu nyingine za programu zisihangaike na pointa (anwani za kumbukumbu) na namba za makosa. Humo ndani ya ganda ndimo matatizo yanamozaliwa. Tumeanza na swali ambalo majibu ya mengine yanalitegemea.

Wahariri, salaam. Tuna programu ya kupokelea korosho kwenye ghala la chama cha msingi. Thredi moja, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, inasoma mizani, ya pili inachapa stakabadhi ya mkulima, ya tatu inapeleka taarifa mtandao ukipatikana. Zote zinatumia muunganisho mmoja wa SQLite. Mara nyingine kuingiza rekodi kunashindikana, lakini ujumbe unaoandikwa kwenye logi ni "not an error". Siku nyingine unataja jedwali ambalo thredi hiyo haijaligusa kabisa. Tulisoma kwamba SQLite ni salama kwa thredi. Tatizo liko wapi? — Msomaji, Masasi

Mlichosoma ni kweli, ila usalama huo una mpaka. SQLite ikijengwa kwa kawaida yake, yaani SQLITE_THREADSAFE=1, inafunga kufuli kila fanksheni inapoingia na kulifungua inapotoka. Mwito mmoja hauwezi kuvurugwa katikati. Lakini kati ya mwito mmoja na unaofuata mlango uko wazi, na thredi nyingine inaweza kupita.

Sasa tazameni ganda lenu linavyofanya. Linaita sqlite3_step, inayoendesha kauli ya SQL, linapata namba ya kosa, halafu linaita sqlite3_errmsg kuuliza sababu. Ujumbe wa kosa haukai kwenye thredi wala kwenye kauli ya SQL. Unakaa kwenye muunganisho, na unafutwa na mwito unaofuata wa muunganisho huohuo, uwe wa nani. Thredi ya mizani imeshindwa. Kabla haijauliza kwa nini, thredi ya stakabadhi imesoma jina la mkulima vizuri kabisa. Mnapouliza, SQLite inajibu habari za mwito wa mwisho: hakuna kosa. Kama mwito huo wa mwisho nao ulishindwa, mtapewa kosa lake, na ndiyo maana mnaona jedwali la watu wengine.

Dawa ni kufuli moja linalobeba mambo mawili kwa pamoja: tendo lenyewe na kusoma kosa lake. SQLite inawapa kufuli lake ili mlitumie (Kosa ni muundo wenu wa kubebea namba na nakala ya ujumbe):

```c
int endesha(sqlite3 *db, sqlite3_stmt *kauli, Kosa *kosa)
{
    sqlite3_mutex *kufuli = sqlite3_db_mutex(db);
    sqlite3_mutex_enter(kufuli);

    int rc = sqlite3_step(kauli);
    if (rc != SQLITE_ROW && rc != SQLITE_DONE) {
        kosa->namba = sqlite3_extended_errcode(db);
        snprintf(kosa->ujumbe, sizeof kosa->ujumbe,
                 "%s", sqlite3_errmsg(db));
        sqlite3_reset(kauli);
    }

    sqlite3_mutex_leave(kufuli);
    return rc;
}
```

Mambo matatu hapo yanataka macho. Kwanza, ujumbe unanakiliwa kabla kufuli halijafunguliwa. Pointa inayorudishwa na sqlite3_errmsg ni mali ya SQLite, na maandishi yake yanaweza kubadilishwa au kufutwa na mwito unaofuata. Ganda linalohifadhi pointa badala ya nakala litachapa takataka, au litaanguka kabisa.

Pili, kufuli hilo linakubali kufungwa zaidi ya mara moja na thredi ileile. Kwa hiyo sqlite3_step ikilifunga tena ndani yake, programu haitakwama.

La tatu ndilo linalowaponyoka wengi. Muunganisho ukifunguliwa kwa bendera ya SQLITE_OPEN_NOMUTEX, sqlite3_db_mutex inarudisha NULL (pointa tupu), na sqlite3_mutex_enter ikipewa NULL haifanyi chochote wala hailalamiki. Msimbo wenu utaonekana una kufuli wakati hauna. Basi ganda lifungue hifadhidata kwa sqlite3_open_v2, litaje SQLITE_OPEN_FULLMUTEX waziwazi, na mara baada ya hapo lihakikishe kufuli si NULL. Likiwa NULL, programu ikatae kuwaka. Ulizeni pia sqlite3_threadsafe(): ikirudisha 0, maktaba hiyo ilijengwa bila kufuli lolote na hakuna bendera itakayoirekebisha.

Kilichosemwa kuhusu ujumbe wa kosa kinahusu vilevile sqlite3_last_insert_rowid na sqlite3_changes. Kama namba ya stakabadhi inatokana na last_insert_rowid iliyoulizwa nje ya kufuli, mkulima mmoja anaweza kuchapiwa namba ya uzito wa mwenzake. Hilo ni kubwa kuliko logi yenye maneno ya ajabu. Kuanzia toleo 3.35.0 mnaweza kuandika INSERT ... RETURNING, namba ikarudi ndani ya tendo lenyewe.

Hata hivyo, ushauri wetu wa dhati si kuendelea na muunganisho mmoja. Miamala (mafungu ya kauli yanayokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) nayo ni ya muunganisho, si ya thredi. Thredi ya mizani ikisema BEGIN, kila kitakachoandikwa na thredi ya stakabadhi kuanzia hapo kinaingia ndani ya muamala huohuo. Thredi ya mizani ikipata tatizo na kusema ROLLBACK, maandishi ya mwenzake yanafutika, na yeye alishaambiwa kila kitu kiko sawa. Kufuli la mwito mmoja mmoja haliwezi kuzuia hilo. Kila thredi ipewe muunganisho wake na kauli zake. Msimbo wa hapo juu ubaki nao kama kinga, kwa siku mtu atakapouazima muunganisho wa thredi nyingine.

Tulifuata njia ya muunganisho kwa kila thredi. Sasa tunapata "database is locked". Tumeweka sqlite3_busy_timeout ya 5000, lakini kosa linarudi papo hapo bila kusubiri hizo sekunde 5. — Msomaji, Newala

Kosa hilo ni namba 5, SQLITE_BUSY, na kurudi kwake papo hapo si hitilafu. SQLite imegundua kwamba kusubiri hakutasaidia.

Hutokea hivi. Thredi ya kwanza inaanza muamala kwa BEGIN wa kawaida, ambao haushiki kufuli lolote mpaka kitu kisomwe. Inasoma jumla ya kilo za mkulima, ikapata kufuli la kusoma. Thredi ya pili inafanya hivyohivyo. Kisha zote mbili zinataka kuandika. Wa kwanza hawezi kumaliza mpaka wa pili aachie kusoma, na wa pili anasubiri wa kwanza amalize kuandika. Kama zote zingesubiri zingesubiri milele, kwa hiyo SQLite inamrudisha mmoja mara moja bila hata kuuliza muda uliouweka. Anayerudishwa lazima afanye ROLLBACK na kuanza muamala upya. Kujaribu tena ile kauli ya mwisho tu hakutafika popote, maana kufuli la kusoma bado analo.

Dawa ni ndogo: muamala wowote utakaoandika uanze kwa BEGIN IMMEDIATE. Hapo kufuli la kuandika linaombwa mlangoni kabla hujasoma chochote, na busy_timeout inafanya kazi yake. Katika ganda, toeni fanksheni mbili tofauti, moja ya muamala wa kusoma na moja ya kuandika, ili anayelitumia achague kwa jina.

Washeni pia WAL, mtindo wa kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, kwa PRAGMA journal_mode=WAL. Ipo tangu toleo 3.7.0 la mwaka 2010, na ndani yake wasomaji hawamzuii mwandishi wala mwandishi hawazuii wasomaji. Mwandishi anabaki mmoja tu kwa wakati. Katika WAL, kosa la kusoma kisha kutaka kuandika huja kwa namba 517, SQLITE_BUSY_SNAPSHOT: ulichosoma kimepitwa, mwingine ameshaandika baada yako. Namba hiyo mtaiona kwenye jibu la mwito kama mmewasha sqlite3_extended_result_codes(db, 1). Bila hiyo mtaona 5 tu.

Kuna chanzo kingine kisichoonekana kirahisi. Kauli ya SELECT iliyoachwa njiani, ambayo haijafika SQLITE_DONE wala haijafanyiwa sqlite3_reset (kurudishwa mwanzo), inashikilia muamala wa kusoma. Ganda linalotafuta rekodi moja, likaipata na kurudi bila reset, linaacha mlango umeshikiliwa. Reset iwekwe mahali ambapo haiwezi kurukwa: kwenye distrakta (fanksheni inayoitwa kitu kinapoondolewa) kwa C++, kwenye finally kwa Python.

Msichanganye namba 5 na namba 6, SQLITE_LOCKED. Hiyo ya 6 inatoka ndani ya muunganisho wenyewe, kwa mfano kufuta jedwali wakati kauli nyingine bado inalisoma, au kwenye miunganisho inayoshirikiana kache. Kusubiri hakuiondoi ile ya kwanza, kwa sababu anayekuzuia ni wewe mwenyewe.

Mkiwa na faili kwenye folda ya mtandao inayotumiwa na kompyuta mbili za ghalani, WAL haifai. Inategemea kumbukumbu ya pamoja, na hiyo haivuki mashine. Wekeni faili kwenye kompyuta moja na hizo nyingine ziongee na programu iliyo juu yake.

Ninaandika moduli ya Python kwa C juu ya SQLite. Nimesajili fanksheni ya Python inayoitwa kutoka ndani ya SQL, inayobadilisha uzito kuwa malipo kwa daraja la korosho. Thredi ikiwa moja, kila kitu kinakwenda. Zikiwa mbili, programu inaganda: haili prosesa, haitoi kosa. — Msomaji, Lindi mjini

Kuganda bila kula prosesa ni dalili ya thredi mbili zinazongojana. Kufuli ni mbili: lile la Python lenyewe, GIL, linaloruhusu thredi moja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati, na lile la muunganisho. Thredi A inashikilia la muunganisho, iko ndani ya sqlite3_step, na inahitaji GIL ili iite fanksheni yako ya malipo. Thredi B inashikilia GIL na imeita fanksheni ya SQLite, inangoja la muunganisho. Hakuna atakayeachia.

Kanuni ni mpangilio mmoja usiovunjwa: usiwahi kungoja kufuli la muunganisho ukiwa umeshikilia GIL. Kwa hiyo kila mwito wa SQLite unaoweza kungoja uzungukwe hivi: Py_BEGIN_ALLOW_THREADS inayoachia GIL, kisha sqlite3_mutex_enter, kisha step, kisha nakili namba na ujumbe kwenye bafa ya C, kisha sqlite3_mutex_leave, na mwisho Py_END_ALLOW_THREADS inayolichukua tena. Ndani ya fanksheni inayoitwa na SQLite, anza na PyGILState_Ensure na maliza na PyGILState_Release.

Angalia kwamba tumesema bafa ya C. Kati ya ALLOW na END huna ruhusa ya kugusa kitu chochote cha Python, hata kuunda maandishi ya ujumbe. PyErr_SetString iitwe baada ya END. Na sqlite3_prepare_v2 isisahaulike, nayo inafunga kufuli hilohilo. Wengi huachia GIL kwenye step pekee, kisha programu inaganda mara mojamoja tu, na hapo kuikamata ni kazi ngumu.

Fanksheni ya malipo yenyewe ikishindwa, tuseme daraja halijulikani, eksepsheni ya Python isiruhusiwe kupita ndani ya SQLite. Ichukue kwa PyErr_Fetch, iweke pembeni kwenye muundo wa muunganisho, iambie SQLite sqlite3_result_error, na step ikirudi na kosa irejeshe ileile kwa PyErr_Restore. Mtumiaji ataona kosa halisi pamoja na mstari wake, si "SQL logic error" isiyomsaidia. Wanaotumia C++ washike kanuni hiyohiyo kwa ukali zaidi: eksepsheni inayoruka juu ya msimbo wa C inaacha kufuli za SQLite zimefungwa na kumbukumbu zake nusunusu. Kolubeki, yaani fanksheni yako inayoitwa na SQLite, yote iwe ndani ya try na catch (...).

Ganda langu linatupa eksepsheni moja kwa kila kosa. Mwenzangu anasema nizigawe. Nizigaweje? — Msomaji, Kilwa Masoko

Mwenzako yuko sahihi. Zigawe kwa kile ambacho aliyeliita ganda anaweza kufanya.

Namba 5 ni ya kujaribu upya, lakini muamala mzima, na kwa mara chache zenye kikomo. Namba 19, SQLITE_CONSTRAINT, ni jambo la data: 2067 ni UNIQUE na 1555 ni ufunguo mkuu, na mara nyingi maana yake ni kwamba stakabadhi hiyo imeshaingizwa. Mwonyeshe karani ujumbe unaoeleweka, usiijaribu tena. Namba 13 diski imejaa, na 10 diski imeshindwa kusoma au kuandika: simamisha kazi na mwite mtu. Namba 11, SQLITE_CORRUPT, acha kuandika mara moja, nakili faili zote kabla ya jaribio lolote la kutengeneza, halafu endesha PRAGMA integrity_check kwenye nakala. Namba 21, SQLITE_MISUSE, ni kosa la ganda lenyewe, kwa mfano kutumia kauli iliyokwisha kufanyiwa finalize (kuondolewa kwenye kumbukumbu). Hiyo isimezwe kamwe; iangushe programu wakati wa majaribio ili uione.

Sasa mtego. Baadhi ya makosa, hasa 13, 10, 7 la kukosa kumbukumbu na wakati mwingine 5, yanaweza kuifanya SQLite irudishe muamala nyuma yenyewe. Ganda lako likisema ROLLBACK baada ya hapo linajibiwa "cannot rollback - no transaction is active", na kosa hilo jipya linafunika lile la kwanza. Fundi anakuja anatafuta tatizo la muamala wakati diski ndiyo iliyojaa. Nakili kosa la kwanza kabla ya kufanya lolote, kisha uliza sqlite3_get_autocommit(db). Ikirudisha 0, muamala bado upo na ROLLBACK inahitajika. Ikirudisha namba nyingine, umeshaondoka. Tupa kosa la kwanza tu.

Na sqlite3_open_v2 ikishindwa, kwa kawaida bado inakupa muunganisho. Usome ujumbe wake, kisha uufunge kwa sqlite3_close. Ganda linaloutupa hivihivi linavuja kumbukumbu kila mtu anapokosea jina la faili.

Umeme wetu hukatika. Tuna thredi inayonakili faili la hifadhidata kwenye fleshi kila baada ya nusu saa, kwa fopen, fread na fclose. Nakala nyingine hazifunguki. Je, ni fleshi mbovu? — Msomaji, Nachingwea

Fleshi inaweza kuwa nzima kabisa. Acheni hiyo njia leo, kwa sababu inahatarisha hata faili lenu halisi.

Kwenye Linux na mifumo ya jamii yake, SQLite inatumia kufuli za faili za POSIX, na kufuli hizo zina tabia mbaya: prosesi (programu inayoendeshwa) ikifunga deskripta yoyote, yaani namba ya faili lililofunguliwa, ya faili fulani, kufuli zote za prosesi hiyo kwenye faili hilo zinaachiwa, hata zilizowekwa kupitia deskripta nyingine. Thredi yenu inapoita fclose, inafungua kufuli za SQLite bila SQLite kujua. Programu nyingine inayotumia faili hilo inaweza kuingia kuandika kwa wakati uleule, na hapo data inaharibika. Kisha nakala yenyewe inaweza kuchukua nusu ya muamala, au kuliacha faili la pembeni lenye mwisho -wal, ambamo miamala ya karibuni bado imo.

Tumieni sqlite3_backup_init, sqlite3_backup_step na sqlite3_backup_finish. Peni step kurasa 100 kwa mara moja, pumzikeni milisekunde chache, endeleeni mpaka irudishe SQLITE_DONE. Ikirudisha 5 au 6, jaribuni tena baadaye kidogo. Jueni kwamba muunganisho mwingine ukiandika katikati, kunakili kunaanza upya, kwa hiyo saa za foleni ndefu ya wakulima ongezeni kurasa au ahirisheni. Kuanzia toleo 3.27.0 kuna pia VACUUM INTO 'nakala.db', kauli moja tu, ila faili la mwisho lisiwepo tayari na data ndani yake. Nakilini kwanza kwenye diski ya ndani, ndipo mpeleke kwenye fleshi.

Kuhusu umeme: katika WAL, PRAGMA synchronous=NORMAL haiharibu faili umeme ukikatika, lakini miamala ya mwisho inaweza kupotea ijapokuwa COMMIT ilishajibu sawa. Kwa stakabadhi ambayo mkulima ameshaishika mkononi, wekeni FULL. Kasi inapungua kidogo na inafaa kupungua. Stakabadhi ichapwe baada ya COMMIT kurudisha SQLITE_DONE, si kabla.

sqlite3_close inanirudishia 5 wakati hakuna thredi nyingine. Pia sqlite3_finalize inarudisha kosa la kauli niliyokwisha kulishughulikia. — Msomaji, Mikindani

Close inarudisha 5 kwa sababu kuna kauli ambazo hazijafanyiwa finalize, au nakala ya backup haijamalizwa. Muunganisho unabaki wazi. Wakati wa majaribio zitafute kwa sqlite3_next_stmt(db, NULL), na sqlite3_sql itakuonyesha maandishi ya kila moja. Lugha yenye mzoa taka (kinachoachia kumbukumbu chenyewe), ambako huwezi kupanga nani afungwe kwanza, itumie sqlite3_close_v2: inakubali mara moja, na muunganisho unafungwa kweli kauli ya mwisho inapoondoka.

Finalize na reset zinarudia kosa la utekelezaji wa mwisho wa kauli hiyo. Hazisemi kwamba zenyewe zimeshindwa. Kumbukumbu imeshaachiwa. Ganda lisitupe eksepsheni kwa namba hiyo, hasa ndani ya distrakta, na lisiite finalize mara ya pili kwa kudhani ya kwanza haikufaulu. Weka pointa iwe NULL mara baada ya mwito. Finalize ikipewa NULL haina madhara.